Magoti ya Fundi Kipimo

Pale kituo cha redio walimwita Kipimo, kwa sababu hata chai hakukubali kuwa ni ya moto mpaka achovye kipimajoto ndani yake. Hapo tumetia chumvi, lakini si nyingi.

Jumatatu mashine yake ya kupimia mawimbi ilimwonyesha makubwa. Mbali na masafa ya kituo chao, masafa ya jirani, kulia na kushoto kwenye kioo cha mashine, nayo yalikuwa na nguvu ajabu. Kulia ndiko kilikokuwa kituo alichofanyia kazi shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi ambaye Kipimo mwenyewe alimfundisha, na ambaye bado alikuwa kwenye miezi ya majaribio. Kipimo hakujiuliza mara mbili. Aliiandikia mamlaka ya mawasiliano barua kali, kwamba jirani anamwaga mawimbi hadi kwao, akamtaja fundi husika, akaipeleka masjala. Na karani wa masjala alikuwa nani? Mkewe.

Mke aliisoma, maana kila barua iliyotoka ilipita machoni pake, akaguna tu. Nyumbani hakusema neno, jambo ambalo lingemtisha mume yeyote mwenye akili timamu.

Alhamisi alimpelekea chai chumba cha mitambo, akaangalia ile mashine, akauliza kwa upole kushoto kunatangaza nani.

"Kushoto hakuna kituo," alisema Kipimo.

"Lakini mashine inasema kuna nguvu sawa na za mdogo wangu?"

"Inasema."

"Basi huyo naye mwandikie barua."

Kipimo alianza kucheka, kisha akaitazama tena mashine. Alifungua droo, akatoa kifaa kidogo cha kupunguza nguvu ya mawimbi, akakifunga kati ya waya wa antena na mashine. Kama vyote alivyoviona vilikuwa vya kweli, vingeshuka kwa kiasi kimoja. Mawimbi ya kituo chao yalishuka kidogo, kama ilivyotakiwa. Ya kushoto yalitoweka kabisa. Ya kulia yalibaki hafifu, ya jirani mstaarabu. Kumbe mashine ilikuwa imezidiwa na nguvu za mnara wao wenyewe, ikawa inaona majirani wasiokuwepo.

Ndipo alipokumbuka magoti. Miaka yote alipimia ng'ambo ya barabara, ghorofa ya tatu. Jumatatu magoti yaligoma kupanda ngazi, akaihamishia mashine chumba cha mitambo, chini ya mnara, hatua tano kutoka kwenye birika la chai, wala hakuandika daftarini.

Barua ilikuwa na siku tatu tangu iondoke mikononi mwake, na kijana wa watu angefukuzwa kazi bila kosa. Mke alikuwa ameshampigia mdogo wake simu, akamkabidhi.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Shemeji, kuna barua..."

"Ninayo. Dada aliniletea Jumatatu jioni."

Kipimo aliuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini basi hakumwambia.

"Ungenisikiliza? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kabla ya kumshuku jirani, nitoke kwanza chini ya mnara wangu."

Kipimo aliona haya mpaka masikio yakamwasha. Aliomba radhi, na safari hii hakuweka "lakini" mwishoni. Kisha akavuta daftari, akaandika kwamba Jumatatu alihamisha mashine.

"Andika na sababu," alisema mke begani pake.

Akaandika: magoti. Mke hakuondoka. Akaongeza: na kiburi.