Dirisha la Jikoni kwa Bi Hester

Kila mwaka, wiki ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana Yesu, watu wa Harnley hutembea kuuzunguka mpaka wa kijiji chao, wakiyachapa mawe ya mpaka kwa fimbo. Enzi ambazo hakukuwa na ramani, hivyo ndivyo walivyokumbuka kijiji kinaishia wapi na nani azikwe wapi. Sasa, mjinga mmoja wa zamani hizo alijenga nyumba juu ya mpaka wenyewe! Basi msafara mzima huingilia dirisha la jikoni na kutokea mlango wa nyuma, mchungaji na kanzu yake.

Nyumba hiyo ni ya Hester Pilbeam. Mumewe, Wilf, ndiye aliyekuwa akiwashika watu mkono pale dirishani, akiwatania wenye makalio makubwa. Wilf alizikwa Februari katika makaburi ya Harnley, na Hester alitaka jambo moja tu duniani: azikwe ubavuni mwake. Na tangu utotoni alisikia kwamba nyumba iliyorukwa na msafara imeachiwa kijiji jirani, Oddwick.

Asubuhi ile alioka keki, akaondoa masufuria kwenye sinki, akafungua dirisha. Akasikia fimbo zikilia darajani. Kisha sauti zikashuka, zikazunguka nyuma ya bustani.

"Taratibu, jamani," alisema Dennis Oakshott, kiongozi wa msafara. "Tumwache mama wa watu apumzike."

Machozi yakamjaa Hester, halafu hasira. Akapanda kiti, akapanda sinki, akatoa mguu dirishani, akakwama nusu ndani nusu nje.

"Dennis! We Dennis! Kwani nimekufa mimi?"

Msafara ukasimama. Mchungaji akaja mbio. "Bi Hester, tulitaka kukupunguzia usumbufu. Msiba bado mbichi."

"Ndiyo maana mpite! Mkinizunguka leo, mwakani mmenisahau, na nikifa mtanipeleka Oddwick. Wilf wangu atalala peke yake!"

Dennis, mzee mzima, akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Haya, rudi ndani basi tupite. Umeziba njia."

"Nisukume. Si unaona nimenasa?"

"Na makalio hayo? Leteni watu wanne."

Hester akacheka huku analia. Wakamrudisha ndani, akasimama pale pa Wilf, akawashika mkono mmoja mmoja mpaka wakaisha. Kisha akamnyang'anya Dennis fimbo, akalichapa dirisha kwa nguvu zake zote.

"Hapa ni Harnley," akasema. "Msije mkasahau."