Ufa Usiozidi Unywele

Ukuta wa chumba cha mama mkwe ulikuwa umepasuka, na aliyeujenga ni Timazi mwenyewe. Hapakuwa na fundi mwingine wa kutupiwa lawama. Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha ukashuka tofali kwa tofali, kama mtu anayeteremka ngazi kwa kupapasa, ukaenda kupotelea nyuma ya kitanda cha mama huyo.

Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, lilikuwa jina la utani. Waashi wenzake walimpa kwa sababu kuta zake zilisimama wima hata kabla hazijapimwa, na jina hilo ndilo lililomletea kazi mtaa mzima. Lakini chini ya ile kona ya nyuma palikuwa na shimo la choo cha zamani. Alilifukia kwa kifusi, akalishindilia harakaharaka kwa kuwa mvua ilikuwa inanukia, akajenga juu yake. Waliolijua hilo ni yeye na mkewe tu.

Siku hizo shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa akifundisha Kiingereza jioni kwa mafundi waliotaka kazi katika kampuni za ujenzi. Timazi naye alijiandikisha. Aliketi nyuma, magoti yakigonga dawati la watoto, saruji imemganda kwenye vidole. Mengi yalimpita. Lakini jioni moja somo lilikuwa namna Waingereza wanavyokifanya kitu kiwe kidogo, na hilo halikumpita.

Shemeji aliandika ubaoni "no more than". Akaeleza kwamba unachukua kitu kinachotisha, unakiweka kando ya kitu kidogo ambacho kila mtu anakijua, halafu unasema hakikizidi. Jeraha halizidi ukucha. Mwendo hauzidi kuvuka barabara. Kitu chenyewe kimebaki vilevile, alisema, ila anayesikiliza ameshusha pumzi.

Timazi alitoka pale ametekwa na maneno hayo. Kiswahili nacho kina namna zake, aliwaza akitembea: utasema kadogo, utasema kidogo tu. Lakini hizo zilikuwa kama kumpapasa mtoto kichwani. Hii ya Kiingereza ilikuwa kama kalibu ya matofali. Unamimina humo udongo wowote, unatoka kwa kipimo ulichotaka.

Alipofika nyumbani mkewe alimwambia ufa umeongezeka. Akaenda akautazama, mikono kiunoni, akautamkia Kiingereza. Mama mkwe aliyekuwa kitandani akauliza ukuta umeambiwa nini. Timazi akamtafsiria kwa adabu kwamba ufa hauzidi unywele.

"Unywele wa nani, baba?" mama mkwe akauliza. "Maana wangu umebaki wa kuhesabu."

Wakacheka wote, na kicheko kile kikaharibu mambo. Mkewe alipoomba kitanda kihamie sebuleni, Timazi alimjibu kwamba sebuleni ndipo wateja wanapokuja kupatana naye kazi. Wakimkuta mama amelala pale watauliza chumba chake kina nini. Atawaambiaje?

Badala yake alifanya kama fundi yeyote. Alibandika kiraka chembamba cha saruji juu ya ufa, akakiita shahidi. Ukuta ukitulia, kiraka kinabaki kizima. Ukisogea, kinapasuka. Kilipita kipindi si kirefu, kiraka kikapasuka. Timazi akakisogelea, akapima mpasuko wa kiraka kwa jicho, akaona kweli hauzidi unywele. Akakibandua, akabandika kingine.

Akawa hivyo. Shahidi huachwa mahali pake ili aseme yote aliyoyaona, na mwashi mdogo kabisa anajua hilo. Timazi alimfukuza kila alipofungua mdomo, akaweka mwingine asiyejua kitu. Ufa wa ukutani ulifikia unene wa njiti ya kiberiti, kisha wa kalamu, lakini yeye alipima ufa wa kiraka, na huo kila mara ulikuwa mpya. Neno lake likabaki kweli siku zote.

Alasiri alikuwa akirudi kutoka kazini na kujilaza kwenye mkeka katika chumba kile, kwa kuwa kilikuwa na ubaridi. Mwanga ulipenya kwenye ufa ukalala sakafuni kama uzi wa dhahabu, na mama mkwe alinyoosha mguu akaupasha moto humo, macho ameyafumba. Vumbi lilielea ndani ya mwanga, halipandi wala halishuki. Timazi alisinzia akilitazama. Akaota nyumba yake haizidi kibweta cha kiberiti, na ndani yake mama mkwe, hazidi punje ya mchele, akimpungia mkono dirishani. Alikuwa ameibeba nyumba hiyo kwenye mfuko wa shati, akivuka uwanja mpana usio na mwisho, akiogopa kukimbia na akiogopa kusimama. Alipoamka alikuta vumbi laini midomoni, kama unga. Akajifuta, akaenda kunawa.

Siku moja shemeji alikuja kumwona mama yake. Akachungulia ule ufa, akapiga mluzi.

"Shemeji, hapa ungedai kodi. Mjusi ameshahamia na familia yake."

Timazi akamjibu kwa maneno ya darasani, kwa matamshi safi kuliko siku zote. Shemeji akaacha kucheka.

"Hayo nilikufundisha ya kuongea na watu," alisema. "Huu ni ukuta."

Mke wa Timazi hakusubiri zaidi. Alishika kitanda upande wa miguuni, akamwambia mdogo wake ashike wa kichwani. Timazi akasimama mlangoni.

"Kitanda hakitoki," alisema. "Kikitoka hiki, kesho sina kazi mtaa huu."

Walimgeukia mama. Alikuwa akila kwa mkwewe, akivaa kwa mkwewe, na hilo alikuwa halisahau. Akasema wamwache, yeye yuko sawa. Mkewe akaachia kitanda taratibu, bila kumtazama mumewe.

Mvua ilinyesha usiku wote, ikakatika asubuhi. Timazi alikuwa kazini nyumba ya pili akichanganya mchanga na saruji aliposikia sauti isiyo kubwa, kama gunia linalotuliwa chini. Akageuka. Wingu jeupe lilikuwa likipanda polepole nyuma ya paa lake, kimya, zuri la kutazamwa. Alilitazama kitambo kabla miguu haijamkumbuka.

Ukuta mwingi uliangukia nje, lakini boriti ya juu ya dirisha iliangukia ndani. Walifukua kwa mikono, yeye, mkewe na majirani. Mama mkwe alikuwa hai, akiita jina la bintiye. Jirani akamuuliza Timazi mama ameumia kiasi gani. Timazi akatafuta kitu cha kumlinganisha nacho, akakikosa.

Mguu wa kulia wa mama mkwe ulikatwa chini ya goti. Chumba hakipo. Mwenye nyumba ya pili alimwomba Timazi aache ukuta pale ulipofikia, ukamaliziwa na fundi mwingine, na tangu hapo hajaitwa kwa kazi ya ukuta mtaani, anaitwa kuchimba na kubeba. Mama amehamia kwa mwanawe, yule mwalimu. Mke wa Timazi alienda kumuuguza, akachukua nguo zake zote, na hajasema atarudi lini.