Mtoto Akabidhiwe Akiwa Amelala

Mtalaka wangu alifika getini na puto. Si begi la nguo za mtoto, si kofia ya jua, si hata chupa ya maji. Puto! Jekundu, limefungwa uzi, linacheza juu ya kichwa chake, na yeye anatabasamu utadhani ameleta nyumba nzima.

"Mtoto atakula hilo?" nikamuuliza.

"Ndiyo salamu yako hiyo, Mama Siafu?"

"Salamu ni za waliofika kwa wakati."

Akasonya. Nikasonya zaidi. Siafu, binti yetu, akalirukia puto, na likizo ikawa imeanza.

Siafu si jina lake halisi, lakini ndilo linalomfaa. Hatulii, na ukimshika kwa nguvu anang'ata. Ana miaka minne. Alikuwa ametuganda muda mrefu tumpeleke kwenye bustani ya michezo, ile yenye treni ndogo na farasi wa mbao wanaozunguka, na alitaka twende wote wawili, mama na baba. Sisi tuliachana, na hatuwezi kukaa meza moja hata kwa dawa. Ila shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa, Siafu aanze chekechea, na mtoto wa shule huwezi kumrusha wiki huku wiki kule kama mpira. Lazima akae kwa mmoja. Tukakubaliana twende siku tatu, kila mtu na chumba chake kwenye nyumba ya wageni iliyo mkabala na geti la bustani, na siku ya mwisho tuamue akae kwa nani.

Nisimdanganye mtu: sikwenda kule kuburudika. Nilikwenda kukusanya makosa yake, moja baada ya jingine, siku ya mwisho nimmwagie yote mezani akose la kujibu. Mwanangu simtoi, hata waje na mapanga.

Mimi kazi yangu ni kupanga zamu za madereva kwenye kampuni ya mabasi. Nani ashike usukani, nani ale, nani alale. Dereva asiyelala ni ajali, na mtoto asiyelala ni ajali vilevile, tofauti ni kwamba yeye anapiga kelele. Kwa hiyo nilipanga. Uji asubuhi na mapema. Michezo kabla jua halijawa kali. Ndizi na yai la kuchemsha wakati watoto wa wenzetu bado wanatafutiwa viatu. Chakula cha mchana mapema kabla foleni ya mkahawa haijatoka mlangoni: wali, maharage, maji, soda marufuku. Kisha chumbani, pazia chini, usingizi. Leo asubuhi ni yangu na mchana ni wa baba yake, kesho tunageuza. Na kukabidhiana ni wakati wa usingizi. Hiyo ndiyo kanuni kuu, na niliitunga mimi.

Niwaeleze ilikotoka. Mara ya kwanza kabisa baba yake alipokuja kumchukua, Siafu alikuwa macho. Alikishika kitasa cha mlango kwa mikono miwili akapiga yowe mpaka majirani wakatoka, mmoja na sabuni usoni. Baba mtu anavuta huku, mimi nabandua vidole kule. Nikaapa: haitatokea tena. Tangu siku ile mtoto anakabidhiwa akiwa amelala. Anasinzia begani kwangu, baba yake anampokea polepole, anamlaza kwenye kiti cha nyuma cha teksi, kwisha. Hakuna kilio. Hata rafiki zangu walioachika niliwafundisha. Nilijivuna nayo ile kanuni, na kwa nini nisijivune?

Basi siku ya kwanza mambo yalikwenda kama maji. Siafu alikula, akapanda treni mpaka dereva wake akamzoea, akala tena. Mchana nikashusha pazia nikajilaza naye. Hakulala. Alinishika mkono wa blauzi akanikodolea macho. Nikamwimbia, akaitikia. Nikanyamaza, akaanza kuhesabu vidole vyake, alipovimaliza akahamia kwenye vyangu. Kope zikianza kushuka, anajitikisa na kukaa kitako.

"Lala, mama."

"Sina usingizi," huku anapiga mwayo hadi naona kilimi.

Baba yake alipogonga mlango alimkuta macho, ameninasa shingoni. Kumtoa pale ilikuwa kilio na makucha, na mimi nilijua pa kupeleka hasira zangu.

"Umempa nini asubuhi nilipokwenda msalani?"

"Aiskrimu. Ndogo tu."

"Aiskrimu! Ndiyo maana!"

"Aiskrimu haijawahi kumnyima mtu usingizi. Ni hayo maharage yako. Mtoto mdogo unamjaza maharage kwenye jua kama mbeba mizigo, tumbo linaunguruma, atalalaje?"

Maharage yangu! Damu ikanichemka. Mtu ambaye wakati wa ndoa alishindwa hata kuchemsha chai, leo anafundisha watu kulisha watoto!

Kesho yake asubuhi ilikuwa zamu yake. Nikajibanza nyuma ya wale farasi wa mbao nikimchunga. Nilimwona, tena kwa macho yangu haya: chipsi, soda, pipi za rangi zinazopaka ulimi buluu. Nikasema moyoni, haya, endelea, jichimbie. Wakati wa kukabidhiana ulipofika nikapanda chumbani kwake kumchukua mtoto. Mlango haukufungwa. Nikamkuta bwana mkubwa amelala chali, mdomo wazi, anakoroma, na Siafu amemkalia kifuani, macho makavu, amemshika sikio. Mlinzi kalala, mfungwa yu macho!

"Aah, nilifumba jicho kidogo tu," akasema alipozinduka.

"Na soda je, nayo ulifumba jicho?"

Ugomvi ule tulishuka nao ngazi, tukavuka nao barabara, tukaingia nao kwenye foleni ya farasi. Akaniambia mimi ni kamanda, si mama. Nikamwambia nyani haoni kundule. Akaniambia nisimwite nyani mbele ya mtoto. Nikamwambia mtoto ana macho, anaona mwenyewe. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yetu akamziba mjukuu wake masikio. Siafu alikuwa katikati, mkono mmoja kwangu, mwingine kwa baba yake, anaangalia farasi wakizunguka na kichwa kinamwangukia kifuani.

Hata usiku alilala vipande vipande. Kila nikijigeuza, kile kimkono kinakuja kunipapasa uso, pua, nywele, kisha kinatulia. Nilidhani ni soda.

Siku ya tatu, ya mwisho, alipokuwa anashuka kwenye treni, mguu ukakosa kidaraja. Sikuwahi kumdaka. Akaangukia kidevu. Damu ikachuruzika hadi kwenye gauni, nami nikasahau mipango yote, nikambeba nikakimbia naye hadi kibanda cha huduma ya kwanza. Baba yake alitokea sijui wapi, anahema, na kabla hajauliza mtoto kaumia wapi tukaanza.

"Ulikuwa unaangalia nini?"

"Mtoto hajalala siku tatu! Umemlisha sukari kama nyuki!"

"Wewe na maharage yako!"

"Nyamazeni!" akafoka muuguzi, mama mnene aliyekuwa anamfuta Siafu kidevu kwa pamba. "Wote wawili. Kama mmekuja kupigana, nje kuna magari ya kugongana." Akambandika mtoto plasta, akamwinua uso. "Na wewe, mrembo, kwa nini hutaki kulala? Macho yamekuwa mekundu hivi."

Siafu akamwambia, bila kutuangalia sisi, "Nikilala, mama anageuka baba."

Muuguzi akacheka. "Anageukaje?"

"Nalala na mama. Nikiamka, ni baba. Nikilala na baba, nikiamka, ni mama. Yule mwingine sijui anakwenda wapi." Akafuta kamasi kwa mgongo wa mkono. "Sasa hivi wapo wote. Nikilala atabaki mmoja."

Muuguzi alikuwa bado anatabasamu. Akatutazama sisi wawili, akaacha.

Tulitoka pale. Maharage, soda, pazia! Tulikuwa tunapigania chakula, na mtoto alikuwa anatulinda. Siku tatu alikesha kama askari wa lindo ili asipotewe na mtu.

Tukaketi kwenye benchi kando ya kibanda cha tiketi, yeye upande ule, mimi upande huu, Siafu katikati. Akanishika mkono wa blauzi. Kwa mkono mwingine akapitisha kidole kwenye tundu la mkanda wa suruali ya baba yake. Akatukagua, huyu, huyu, kisha macho yakafunga yenyewe. Alilala kama jiwe.

Tukanaswa. Huwezi kwenda, huwezi kujigeuza, na pembeni yako yupo mtu usiyetaka hata kumnusa.

"Sogea, unanibana," akanong'ona.

"Sogea wewe. Na ukimwamsha utanitambua."

"Nakutambua siku nyingi."

Tukakaa. Treni ikapita, ikarudi. Basi lake lilikuwa la alasiri ileile, maana kesho alfajiri alitakiwa kazini. Ni fundi wa friji, na kuna machinjio yaliyokuwa yanamsubiri. Alikuwa anaangalia ile plasta kidevuni.

"Mchukue," akasema.

"Nini?"

"Shule. Akae kwako. Nitakuwa nakuja kumwona. Sharti langu ni moja, niondoke sasa hivi, akiwa amelala. Ile siku ya kitasa haijanitoka kichwani mpaka leo. Siwezi kumwona tena vile. Na si ndiyo kanuni yako?"

Jamani, nilikuwa nimeshinda! Makosa yake sikuwa nimetaja hata moja, na lile nililolifuata kule lilikuwa limeniangukia mapajani. Kilichobaki kwangu ni kufunga mdomo. Yeye akaanza kukichomoa kile kidole mkandani, taratibu, kwa mikono yake ya ufundi. Kikatoka. Siafu akiwa usingizini akapapasa hewa, akapapasa ubao wa benchi, mahali baba yake alipokuwa.

Nilimchukia yule mwanamume tangu siku nisizozikumbuka, na sikuwahi kumchukia kama dakika ile, kwa sababu alikuwa anafanya nilichomfundisha mimi.

"Mwamshe," nikasema.

"Una wazimu?"

"Mwamshe umwambie kwa mdomo wako kwamba unaondoka. Akiwa macho."

"Atalia."

"Alie."

"Akilia mimi siondoki, unajua. Na hayo niliyosema nitayafuta. Unajua hilo?"

"Najua," nikasema, na neno lenyewe lilinichoma kama pilipili. "Mwamshe."

Alinitazama kwa chuki ambayo hata mahakamani siku ya talaka sikuiona. Kisha akainama akampuliza Siafu usoni, kama alivyokuwa akifanya zamani mtoto alipokuwa mchanga.

Siafu alilia, tena si kilio cha mchezo. Alimrukia baba yake shingoni, akamng'ata bega, akapiga mateke, watu wa foleni ya tiketi wakageuka. Baba yake akawa anarudia, "Naenda kwangu, naenda kazini, siku ya Jumamosi nitakuja," na machozi yanamtiririka hadi kwenye ndevu. Basi la alasiri likaondoka bila yeye. Tulibaki pale mpaka kilio kikawa kwikwi, na kwikwi ikawa maswali. Kwako ni wapi? Kuna kitanda? Utakula nini kesho? Akajibu yote. Sikuingilia, ingawa kuhusu chakula alidanganya.

Basi la jioni ndilo lililomchukua. Kabla hajapanda akaniambia juu ya kichwa cha mtoto, "Nimeyafuta yale. Tutaanza upya, na safari hii sikuachii."

"Nimesikia. Wahi siti, debe tupu wewe."

Siafu akampungia mkono huku analia, na yeye akampungia dirishani, mpaka basi likakata kona.

Kesho yake tulikuwa nyumbani. Mchana nikampa wali na maharage, nikashusha pazia, nikaketi kitandani. Akanitazama.

"Leo utageuka?"

"Sigeuki. Siku nikitaka kwenda popote nitakuamsha kwanza nikuambie."

"Hata kama nitalia?"

"Hata kama utalia."

Akafikiri kidogo. Kisha akanipa mgongo, akageukia ukutani, akalala. Mkono wa blauzi hakuushika. Ningeweza kuinuka, vyombo vilikuwa vinanisubiri na njaa ilikuwa inaniuma. Nikakaa palepale, nikimlaani baba yake kimoyomoyo, mpaka mtoto alipoamka akanikuta.