Chupa ya Kahawia Kabatini

Haya ni kweli tupu, na nikidanganya, meno yangu mawili yaliyobaki yawafuate wenzake.

Nilikuwa mwosha chupa katika maabara ya kiwanda cha rangi kwa miaka ishirini na tisa. Sasa jengo linageuzwa hoteli. Meza ya vigae tuliyopimia rangi itakuwa ya mapokezi, na chumba cha mizani kitalaza wageni. Msimamizi wa ujenzi ni binti yangu wa mwisho, na hii ndiyo kazi yake kubwa ya kwanza. Mimi nilikuwa nakwenda kila asubuhi kukalia kiti cha bure na kuwamwagia mafundi porojo.

Jumatatu, fundi wanayemwita Nyundo alibomoa kabati la ukutani akakuta chupa ya kahawia, ina lebo ya fuvu na neno SUMU.

"Mzee, hii unaijua?"

Ningesema siijui, ningekufa? Lakini masikio kumi na mawili yalikuwa yananingoja.

"Hiyo," nikasema kwa sauti ya chini, "ng'ombe wa jirani alinusa kizibo chake tu. Alikufa amesimama wima. Mwaka mzima tulitundika makoti kwenye pembe zake."

Hakuna aliyecheka. Nyundo aliiweka chini kama anayelaza mtoto mchanga, akatoka kinyumenyume. Wenzake watano wakamfuata. Jumanne hawakurudi. Mmoja alidai viganja vinamwasha, mwingine kwamba mabomba yanahema.

Jumatano jioni binti yangu alikuja kwangu, akakaa bila kuvua viatu.

"Baba, mafundi wasiporudi kesho, mwenye jengo anabomoa upande wote wa maabara. Na mimi naondolewa."

Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha.

Asubuhi nikaenda peke yangu. Korido niliyoipita miaka yote siku hiyo niliipita kwa miguu ya kuazima. Upepo ulikuwa unakoroma ndani ya dohani la kutolea mvuke wa dawa. Nikainama kuitazama chupa: mwandiko ulikuwa wangu. Kumbe ni sukari yangu ya chai! Niliificha chini ya fuvu ili wenzangu wasiimalize.

Nikapumua. Halafu nikakumbuka kwamba siku ile niliandika lebo mbili. Ya pili ilikuwa ya mkemia, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa kama kuku kaparua. Na ya mkemia ilikuwa sumu kweli: nyeupe, ya chembechembe, ndani ya chupa kama hii hii.

Kikohozi kikasikika nyuma yangu. Binti yangu alikuwa mlangoni, na Nyundo na wenzake nyuma yake.

"Ni sukari yangu," nikasema. "Nilikuwa nawatania."

"Na ng'ombe?" Nyundo akauliza.

"Hakukuwa na ng'ombe."

"Jumatatu sumu, leo sukari. Sasa Mzee, tukuamini lini?"

Nikimwambia sina hakika, mwanangu hana kazi. Nikang'oa kizibo. Nikachovya kidole. Nikakilamba, nikafumba macho, nikasubiri sumu ifanye kazi yake. Sikumbuki niliomba dua gani. Nadhani niliziomba zote.

"Tamu?" binti yangu akauliza.

"Tamu."

"Najua. Nilipeleka kijiko kimoja kikapimwa, majibu nimeyapata asubuhi hii." Akatoa karatasi mfukoni. "Nimewaonyesha, wakaikataa. Walisema wataingia ukishalamba wewe, mdomo ulioanzisha."

"Ungeniambia, mwanangu. Roho ilishafika puani."

"Yangu ilifika huko tangu Jumatatu, Baba."

Nyundo alinipita akachukua ndoo, akanikabidhi. "Siku tatu tumekaa bure, Mzee. Kifusi kile pale."

Leo ni siku yangu ya pili. Viganja vimeota malengelenge. Asubuhi nilijaribu kubeba ndoo nusu, Nyundo akaijaza.