Bibi wa Kuazima

Siku ile mjinga alikuwa Eldon Brekke, na wala habishi. Ukimkuta leo pale mjini Fergus Falls ukamuuliza, atakwambia mwenyewe kwamba alikuwa kama muuza matufaha anayemwonjesha mteja kipande, kisha akageuka akakuta mteja kaondoka na kapu zima.

Eldon alikuwa kibarua wa kalamu. Aliandika mtandaoni chochote alichoagizwa na watu asiowajua: jinsi ya kuchagua godoro, faida za mafuta ya samaki, sababu za paka kukohoa. Maandishi yake yote yalianza na "Katika dunia ya leo yenye pilikapilika nyingi", na yalikwisha pale msomaji alipopitiwa na usingizi. Ndipo akaliona tangazo la Kendra Lathrop, mwenye tovuti ya mapishi kule Edina, kando ya Minneapolis. Kendra alitaka mtu wa kumwandikia utangulizi.

Maana tovuti za mapishi zina mila zao. Huwezi kuufikia unga na siagi kabla hujapita kwa bibi. Lazima bibi awepo, lazima baridi iwepo, na mtu alie kidogo. Ndipo uambiwe maziwa ni kiasi gani. Kila mwenye tovuti ana bibi yake. Balaa la Kendra ni kwamba bibi yake wa kweli alikuwa Arizona akicheza gofu, na maishani mwake hakuwahi kupika kitu kisichotoka kwenye kopo.

"Nitumie andiko la majaribio," Kendra alimwandikia. "Mapishi ni ya lefse. Nilize."

Lefse, zile chapati za viazi nyembamba kama karatasi, hazikumsumbua Eldon. Alizila kabla hajaota meno. Kilichomsumbua ni bibi. Kwa tamaa ya kuipata kazi, na kwa uvivu wa kubuni, akamtoa wa kwake. Aliandika kuhusu ile tufani ya theluji iliyokata umeme, bibi yake akawasha jiko la kuni na kuwasukumia lefse majirani waliokwama nyumbani kwake, akiwemo mwanamke ambaye hawakuwa wakisemeshana kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba. Walikula kimya. Walipomaliza, yule adui aliinuka akaosha vyombo. Lilikuwa andiko la kwanza la Eldon lisilo na dunia ya leo wala pilikapilika.

Mkataba alikuwa ameshausaini, kama wanavyosaini wote wa kazi ile: kwa kushuka mbio mpaka chini kabisa na kubofya. Ndani yake iliandikwa kwamba kila atakachotuma, hata cha majaribio, ni mali ya Kendra. Haikupita wiki, andiko likawa hewani, na picha ya Kendra juu yake akitabasamu. Kichwa chake kilisema: "Bibi Yangu Alma na Tufani."

Habari zilimfikia bibi mwenyewe, Borghild Brekke, jikoni mwa kanisa, akimenya viazi vya mazishi ya mtu. Aliyezileta ni jirani yake Ardis, simu mkononi na miwani puani.

"Borghild, hebu njoo. Kuna Alma mmoja huku ameishi maisha yako."

"Alma yupi?"

"Simjui. Lakini hata mimi nimo. Naosha vyombo."

Jioni hiyo Eldon aliitwa. Alimkuta bibi yake ameketi mezani, na mezani hakuna kahawa. Kwa Borghild, meza isiyo na kahawa ni sawa na mahakama.

"Nani Alma?" bibi aliuliza.

"Bibi, acha nikueleze..."

"Nani Alma, Eldon?"

"Ni... ni wewe, bibi."

"Nilibatizwa upya lini? Maana sikualikwa."

"Nitamwambia aombe radhi."

"Radhi yake nitaipaka kwenye mkate? Wewe, hata ng'ombe akiuzwa huenda na jina lake!" Kisha sauti yake ikashuka. "Mama yangu aliniita Borghild, na shule nzima ilinicheka kwa jina hilo mpaka nikajifunza kulipenda. Sikulibeba umri wote huu ili sifa zake uje kumpa Alma. Nirudishie jina langu. Mpaka siku hiyo, lefse utakula za dukani."

Eldon alishika kifua. Za dukani!

Akampigia Kendra simu hapo hapo, kwenye gari, kabla hajalitia moto.

"Mpenzi," Kendra alisema kwa ile sauti yake ya asali, "wewe ni kalamu, mimi ni uso. Ndiyo biashara. Tena tusidanganyane, andiko lenyewe lilikuwa la kawaida tu. Kazi nakupa, lakini ongeza ubora. Ongeza mvuto! Watu wamnuse huyo bibi. Wamtamani."

"Wamtamani?"

"Watamani hata kuja kumkumbatia."

Eldon alikata simu akaitazama theluji ikiyeyuka kwenye kioo. Alikuwa ametukanwa, ameporwa, na juu ya hayo amepewa ushauri. Na ubaya wa ushauri ule ni kwamba ulikuwa mzuri. Taratibu uso wake ulianza kufunguka kwa tabasamu ambalo, lau Kendra angeliona, angemfukuza kazi siku ile ile. Akashuka garini, akarudi ndani.

"Bibi, anataka mvuto. Anataka wasomaji watamani kuja kukukumbatia."

"Wakikaribia nitawapiga na kifimbo cha kusukumia."

"Sikiliza kwanza. Mimi nitampa. Nitampa mpaka azidiwe. Nitaandika vizuri hata watu waache mapishi wamtake bibi. Na siku watakapomtaka bibi mzima mzima, Kendra atamtoa wapi?"

Borghild aliinuka. Akabandika kahawa.

Hapo ndipo Eldon alipojifunza kuandika, na mwalimu wake alikuwa kinyongo. Kila wiki alikuja na rasimu akaisoma kwa sauti mezani pa bibi yake, Ardis naye akiwa pembeni na biskuti zake. Hawakumhurumia.

"'Theluji ilikuwa nyeupe kama pamba...'"

"Pamba umeiona wapi wewe?" Borghild alimkatiza. "Umezaliwa kwenye mahindi, utafia kwenye mahindi. Ilikuwa ya kijivu na ilinuka moshi wa kuni. Andika ilivyokuwa."

"'Na jirani yule mwenye moyo wa dhahabu...'"

"Nani huyo?" Ardis aliuliza.

"Wewe."

"Mimi? Nilikuja kwa sababu kuni ziliniishia! Moyo wa dhahabu! Andika kuni, mtoto."

Eldon alifuta dhahabu, akaandika kuni. Alifuta machozi ya mashavuni, akaandika bibi anavyoondoka chumbani anapotaka kulia na kurudi na kitambaa cha meza ambacho hakuna aliyekiomba. Alifuta sentensi zilizojisifu na kuacha zilizofanya kazi. Kila alipotaka kulegea alikumbuka "mpenzi, wewe ni kalamu," na damu ikamchemka, na kalamu ikakaza. Wapo wanaoandika kwa mapenzi. Eldon aliandika kama mtu anayenoa shoka.

Na watu walisoma, jamani! Walisoma Texas, walisoma Manitoba. Maoni yalijaa: Alma yu hali gani? Alma alisema nini kuhusu mkwe wake? Mapishi yenyewe hakuna aliyeyauliza tena. Kendra akaanza kualikwa redioni, akitoa sauti ya huzuni kila alipotaja jikoni alikokulia. Kampuni moja ya unga ikaanza kumfadhili. Borghild alimsikiliza redioni akisimulia kifo cha babu yake Eldon kana kwamba yeye ndiye aliyemfunga macho marehemu. Alisukuma lefse mpaka ubao ukapiga kelele.

Kulikuwa na jambo moja Eldon aliligundua mapema akalitunza kama yai: Kendra hakuwa akisoma. Wenye tovuti wana chombo kinachohesabu kama neno linalotafutwa na watu limetajwa vya kutosha. Likitosha, taa ya kijani inawaka. Kendra akiiona kijani alibofya na kwenda zake. "Lefse" ikijirudia ipasavyo, ungeweza kuuza nyumba yake humo ndani na angechapisha tu.

Basi vuli ilipofika, Eldon aliandika la mwisho. Lilikuwa zuri kuliko yote, maana bibi yake alilikataa mara nyingi kuliko yote. Lilihusu karamu ya kanisa ya kila Novemba, ile ya lefse na samaki aliyelowekwa kwenye magadi, na aya ya mwisho ilisema: "Mwaka huu nitasimama kando ya Bibi Alma kwenye kikaango chake, ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, Fergus Falls. Njooni. Lefse ya kwanza mtaipokea mkononi mwake." Taa ikawaka kijani. Kendra akabofya.

Simu ilikuja siku ya pili.

"Eldon, mpenzi, watu wanasema wanakuja. Wanakuja wapi?"

"Kumwona bibi yako."

"Kawaalika nani?"

"Wewe. Aya ya mwisho."

"Sijaandika kitu kama hicho!"

"Hilo hata mimi nalijua," Eldon alisema kwa upole. "Lakini umekichapisha. Kwani hukusoma?"

"Taa ilikuwa kijani!"

Eldon aliweka simu kifuani akacheka bila sauti mpaka mbavu zikamuuma. Alipoirudisha sikioni, Kendra alikuwa ameshapata dawa.

"Muue."

"Nani?"

"Alma! Andika kwamba amefariki. Usingizini, kwa amani. Nataka leo leo."

"Nimeacha kazi tangu asubuhi. Zika mwenyewe."

Borghild alipoambiwa alitikisa kichwa. "Kanibadili jina, sasa ananizika. Huyu mwanamke ana kazi nyingi."

Kendra hakuthubutu kuua. Wasomaji wangetaka kuja mazishini. Alijaribu kuandika mwenyewe kwamba bibi amechoka na safari haifai. Alianza na "Katika dunia ya leo yenye pilikapilika nyingi". Kabla ya mchana maoni yalikuwa yamefurika: Nani kaandika hii? Kendra, umeibiwa tovuti? Mrudishe Kendra wetu! Akalifuta. Na kwa kuwa kampuni ya unga ilishaahidi kuleta mpiga video, hakuwa na pa kukimbilia. Ilibidi aje.

Akaja. Jumamosi ya karamu ukumbi wa chini ulijaa mpaka ngazini. Magari ya Dakota, magari ya Iowa, watu wamevaa soksi mbili mbili na kushika sahani za karatasi. Kendra aliingia na koti jeupe na tabasamu la kwenye picha, watu wakampigia makofi. Borghild alikuwa kwenye kikaango chake, mgongo kwa watu, akigeuza lefse kwa kijiti kana kwamba hajasikia kitu.

Eldon hakuweza kungoja. Alikuwa ameisubiri saa hiyo kama mlevi anavyosubiri duka lifunguliwe. Akapanda juu ya kiti.

"Jamani! Huyu mwanamke ni mwizi! Hana bibi anayeitwa Alma, hajawahi kuwa naye! Yote mliyoyasoma nimeyaandika mimi!"

Kimya kikatanda. Eldon alidhani kimya kile ni chake. Kumbe ni cha Kendra, na alikuwa amekitayarishia machozi.

"Nilitumaini tusifike hapa," Kendra alisema polepole, mkono kifuani. "Huyu kijana nilimwajiri anisaidie kuchapa, nikamwachisha kazi. Sasa anataka kujipatia jina. Na anachagua leo, wakati bibi yangu yuko kitandani Edina, hawezi hata kunyanyua kichwa. Usiku kucha nimemshika mkono. Amenituma nije, nisiwavunje moyo."

"Maskini," mtu mmoja alisema.

"Muongo huyo!" Eldon alipiga kelele. "Ninao ushahidi, ninazo rasimu..."

"Shuka kwenye kiti, we kijana!" alifoka mzee mmoja wa Iowa. "Mtu ana mgonjwa!"

"Aibu!"

"Mwache bibi wa watu apumzike!"

Mpiga video alikuwa amemgeukia Eldon, na Eldon alijiona kama watakavyomwona: mtu mzima juu ya kiti cha kanisa, akimgombeza mwanamke anayelia. Kisasi alichokipalilia mwaka mzima kilikuwa kinamwagika mbele ya macho yake, na jina la bibi yake nalo. Alishuka. Kendra alimpa tabasamu dogo, la kwao wawili tu.

Mwanamke mmoja wa Fargo, Rhonda, aliyekuwa mbele ya foleni na sahani yake, alijifuta macho akamgeukia yule kikongwe wa kwenye kikaango.

"Mama, wewe unaonekana wa hapa hapa," alisema. "Huyo Alma lazima unamfahamu. Tuambie ukweli, maana tumetoka mbali: mgonjwa wetu anaendeleaje?"

Wenyeji wote waliokuwa ukumbini waliacha kutafuna. Borghild aliinua lefse kutoka kikaangoni, akaipaka siagi, akainyunyizia sukari, akaikunja, akamwekea Rhonda mkononi. Kisha akamtazama Kendra, ambaye machozi yalikuwa bado mashavuni.

"Mgonjwa ameshapona, mwanangu," alisema. "Na anaitwa Borghild."