Mishono ya Gari la Firmin

Kitu cha kwanza alichokiona Eulalie ni kuku akilidonoa gari. Hakuwa akitafuta funza chini ya gurudumu, kama kuku wenye akili zao. Alikuwa amenyoosha shingo na kudonoa ukingo wa mlango, kwa unyenyekevu wa mtu anayepokea komunyo. Eulalie alimfukuza, akapitisha kidole pale palipodonolewa, akakilamba. Ilikuwa ladha ya mhogo.

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot ya zamani ambayo Mbelgiji mmoja aliiacha ikioza bandani pale Kadutu, na Firmin alikuwa amejitolea kuifufua. Siku hizo serikali ilikuwa imekataza majina ya Kikristo, basi kwenye karatasi yeye alikuwa Citoyen Bisimwa. Kwa wasichana alibaki Firmin, maana hata sheria ina mipaka yake. Alikuwa fundi bora wa mabati ya magari Bukavu nzima. Mtaa wote ulisema hivyo, na mtaa uliambiwa na yeye mwenyewe.

Eulalie, mchumba wake, ndiye aliyepiga msasa. Alikuwa msichana wa maneno machache. Ukimuuliza jambo alitikisa kichwa kukubali, na watu wakamsifu kwa adabu, kwa kuwa hakuna adabu inayopendwa kama ya mtu asiyepinga.

Kuziba mishono ya gari kuna taratibu zake. Pale bawa, yaani bati linalofunika gurudumu, linapokutana na mwili unakwangua kutu mpaka bati liwe safi, unachomelea palipooza, ndipo unapaka mastiki kidogo ya kusawazisha. Firmin aliona kutu ni jambo la faragha, si vizuri kulikwangua mbele za watu. Alisokota karatasi za mifuko ya saruji, akazishindilia kwenye matundu, na juu yake akapaka dawa yake nyeupe. Hata kingo za milango alizinenepesha kwa dawa hiyo, mpaka pengo likabaki jembamba kama unywele.

"Hii iko mastiki ya Ufaransa," alisema. "Imepitia Bujumbura. Hapa Bukavu ni miye tu niko nayo."

Kumbe Ufaransa hiyo ilikuwa meza ya muuza unga wa mhogo pale sokoni, na gundi kidogo ya seremala. Sasa Eulalie alijua.

"Unaona namna gani, chérie?" Firmin alimuuliza jioni ile. "Iko muzuri?"

Akatikisa kichwa. Angesema nini? Siku ya kupeleka pombe kwa baba yake, kule Walungu, ilikuwa imeshapangwa. Pombe hiyo ikinywewa, yeye ni mke wa Firmin, na maneno yakimjia baadaye yatakuwa yamechelewa.

Waliondoka Jumamosi, gari liking'aa kama maziwa. Mbele alikaa Firmin ndani ya abakosti mpya, koti la wakubwa wa siku hizo, pamoja na mjomba wake Grégoire aliyekumbatia bidoni ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Nyuma alikaa Eulalie na shangazi yake Constance, ambaye alikalia sehemu yake na nusu ya mwenziwe.

"Muone vile wanatuangalia," alisema Firmin. "Wanazani niko commissaire."

"Commissaire gani," akajibu shangazi, "mwenye tumetoka kusukuma pa mulima?"

Walipopita Mugogo mvua ikawapiga. Mhogo nao ni mhogo: ukiupa maji unaumuka, hausubiri ruhusa ya fundi. Eulalie aliiona rangi ya mlango wake ikivimba na kupasuka, na kitu cheupe kikichungulia.

Mvua ilikuwa imekatika walipoingia uani kwa baba yake, Papa Anaclet. Ukoo wote ulikuwa umesimama ukingoja. Firmin akasukuma mlango wake, haukufunguka. Akajaribu wa Grégoire, kisha ya nyuma. Yote ilikuwa imeng'ang'ania gari kama bugali ulioungulia chunguni.

"Ni sécurité," aliwaelezea wakwe kupitia dirishani. "Gari za heshima zinafanyaka vile."

"Tunaona," alisema Papa Anaclet. "Na heshima yenyewe inatokeaka wapi?"

"Pa dirisha, Papa."

Kikatoka kichwa, ikafuata abakosti, kikaruka kifungo, miguu ikaja mwisho. Grégoire akafuata na bidoni yake. Shangazi Constance aliliangalia dirisha, akajiangalia yeye.

"Miye nabakia," alisema. "Mutaniletea chakula humu."

Kipande cha bawa kikadondoka matopeni, laini, na karatasi yake ya saruji. Firmin alikikanyaga akiendelea kutabasamu.

Katika ukoo wao pombe ya wageni hainywewi kabla binti hajaulizwa. Kwa kawaida binti hupiga magoti na kutikisa kichwa, na wazee wanakuwa wameshaanza kumimina. Hakuna aliyewahi kungoja jibu. Safari hii binti alikuwa bado garini na shangazi yake, basi Papa Anaclet alilazimika kutembea na kikombe chake mpaka kwenye gari, na safari yenyewe ikalipa swali uzito.

"Eulalie, mwana wangu. Hawa watu unawajua? Tunywe pombe yao?"

"Papa, huyu anaonaka haya," alisema Firmin akicheka. "Atatikisa kichwa tu."

Na kweli, kichwa cha Eulalie kilikuwa kimeshaanza kushuka kwa mazoea. Kikasimama katikati.

"Namujua, Papa," alisema, na wa nyuma wakasogea ili wasikie. "Huyu mutu hatengenezake kitu. Anafunikaka tu. Miye simutaki. Ile pombe musiinywe."