Tiketi Zote za Kilcarra

Attracta Heneghan alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja katika kijiji cha Kilcarra, Ireland. Alipostaafu mwezi wa sita, mikono yake ilikosa pa kukaa. Alipanga makabati akayapangua, akapalilia bustani isiyokuwa na magugu. Alhamisi moja akasoma tangazo dukani kwa Nuala: bahati nasibu ya klabu ya mpira ya Kilcarra ilikuwa imekosa mshindi zaidi ya mwaka, na zawadi imefika yuro elfu kumi na mbili na mia nne. Unachagua namba nne kati ya ishirini, tiketi yuro mbili.

Alipiga hesabu palepale, kwa kidole, kwenye kioo chenye ukungu. Namna zote za kuchagua zilikuwa 4,845. Kuzinunua zote ni yuro 9,690.

"Kila wiki huuzwa tiketi kama mia tatu," alimwambia mdogo wake Colman, aliyeishi naye katika nyumba ya wazazi wao. "Uwezekano wa mtu mwingine kupatia pamoja nami ni kama sita kwa mia. Nimeshalipima hilo."

"Dada, si ndicho kiinua mgongo chako hicho?"

"Ndicho. Shika kalamu."

Nuala aliuza vitabu vyote vya tiketi alivyokuwa navyo, akaagiza vingine klabuni.

"Mwalimu, unakwenda kuwashia jiko au?"

"Niuzie tu, Nuala."

Siku tatu walijaza tiketi kwenye meza ya jikoni. Chai ilipoa vikombeni. Kila dakika kumi Attracta aliinuka, akachungulia barabarani, akarudi kuhesabu mafungu aliyokwisha kuyahesabu. Jumamosi fungu moja likapungua tiketi moja. Alipekua chini ya jiko, mifukoni mwa koti la Colman, hata ndani ya pipa la taka.

"Moja tu, dada! Katika elfu nne!"

"Hiyohiyo moja ndiyo itakayotoka. Wewe hunijui mimi na bahati yangu."

Waliipata imegandia chini ya sahani, kwa jamu.

Jumapili, baada ya mechi, watu walijaa kwenye baa. Malachy, katibu wa klabu, alizungusha pipa dogo, akatoa vipira kimoja kimoja. Attracta alishindwa kukaa; alisimama karibu na mlango, koti mwilini.

"Mbili! Kumi na nne! Saba! Kumi na nane!"

Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Malachy alipekua orodha muda mrefu, kisha akainua kichwa.

"Tunaye mshindi! Tena wawili, watagawana. Mwalimu Heneghan, na... Colman Heneghan!"

Baa nzima ikacheka. Attracta alimgeukia mdogo wake, ambaye alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Ni namba zangu," alisema Colman. "Nazicheza kila wiki tangu mama afariki."

"Umekaa mezani kwangu siku tatu, hukusema?"

"Hazijawahi kutoka, dada! Hata mara moja! Nilinunua kwa mazoea tu, kama mtu anavyonunua mkate."

Wanunuzi wa zile tiketi mia tatu wote Attracta alikuwa amewaweka kwenye hesabu yake. Huyu aliyekaa naye meza moja hakumuuliza.

Nyumbani Colman alimwekea mbele hundi yake mwenyewe, nusu ya zawadi, yuro elfu sita na mia mbili.

"Umepungukiwa elfu tatu mia nne tisini. Zikate humo. Zinazobaki niachie mimi."

"Za nini?"

Colman alisugua shingo. "Nataka kwenda Perth, Australia, kwa rafiki yangu Ciarán. Amenitafutia kazi kwenye karakana. Nimetaka muda mrefu."

Attracta hakuwahi kusikia habari hiyo. Alipiga hesabu ya kutoa kichwani, upesi, kama alivyozoea.

"Zinabaki elfu mbili mia saba na kumi. Zinatosha kwenda na kurudi."

"Kwenda tu, dada."

Attracta aliinuka, akafungua dirisha, akalifunga, kisha akamuuliza ataondoka siku gani.